Kuagiza na kurekebisha gitaa la umeme na amplifaya ya valvu

Gitaa la kuagiza lina mambo ya aina mbili. Yapo ambayo bisibisi na chuma cha kulehemu vinayabadilisha kwa jioni moja, na yapo ambayo mbao ikishakatwa ndiyo basi. Fomu ya oda huyapanga yote kwenye orodha moja kana kwamba yana uzito sawa, ndiyo maana mtu hukesha akichagua rangi ya vitufe halafu unene wa shingo akaujaza kwa kubahatisha. Peleka fikra zako kwenye shingo, urefu wa uzi, uzito na ukubwa wa mashimo. Pikapu (zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi), poti (vidhibiti vya sauti na toni) na kapasita (vihifadhi chaji) ziagize za kawaida; utazibadilisha mwenyewe ukishalizoea gitaa. Amplifaya nayo ni hivyohivyo: transfoma na chasisi (sanduku la chuma linalobeba saketi) utaishi nazo, spika na valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) zinabadilika.

Kujaza fomu ya oda

Anza na urefu wa uzi unaopigwa, kutoka nati (kile kipande cha mfupa kinachopokea nyuzi mwanzoni mwa shingo) hadi briji (kiegemeo cha nyuzi kwenye bodi). Magitaa ya Fender mengi yana milimita 648, ya PRS mengi 635, na ya Gibson hukaribia 628. Kwa noti ileile na uzi wa unene uleule, urefu mkubwa unahitaji mkazo zaidi: nyuzi nene zinasikika wazi na hazilegei ukishusha tyuni. Urefu mdogo unalainisha vidole, na kuvuta uzi kunakuwa rahisi. Kama unapiga kwa kushusha tyuni noti nzima au zaidi, chagua 648. Hakuna marekebisho ya baadaye yatakayokupa urefu mwingine bila kubadilisha shingo yenyewe.

Shingo usiieleze kwa maneno. “Nene kidogo” ya kwako siyo ya fundi. Tafuta gitaa ambalo mkono wako unalipenda, chukua kalipa, pima unene wa shingo kwenye freti (vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) ya 1 na ya 12 bila kuhesabu nyuzi, kisha upana kwenye nati. Shingo nyingi huangukia milimita 20 hadi 22 kwenye freti ya 1, 22 hadi 24 kwenye freti ya 12, na upana wa 42 hadi 43 kwenye nati. Nusu milimita hapa ni kitu kikubwa. Mkono unaihisi mara moja. Ukiwa njia panda kati ya vipimo viwili, agiza kile kinene. Shingo inaweza kupunguzwa kwa msasa, ingawa fundi lazima ajue rodi ya chuma ya ndani imelala kina gani, lakini hakuna anayeweza kuiongezea mbao.

Mviringo wa ubao wa freti ni kipimo kingine cha kudumu. Nusu kipenyo cha milimita 184, kile cha Fender za zamani, kinastarehesha kwenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kawaida, ila ukishusha kimo cha nyuzi sana kisha ukauvuta uzi mwembamba juu ya freti ya 12, uzi unagusa freti za mbele na sauti inakatika. Milimita 241 ni njia ya kati. Kwa anayevuta sana nyuzi, 305 hadi 406 ndiyo salama.

Uzito uandike kwa namba, yaani kiwango cha juu kabisa unachokubali. Kilo 3.2 hadi 3.6 bega litavumilia kwa saa tatu, kilo 4.5 litakukumbusha kila wimbo. Ukisema tu “jepesi”, utapokea ubao uliokuwepo stoo.

Kisha mashimo, ambayo watu huyasahau. Omba yawe ya saizi za kawaida ili vipuri vya watengenezaji tofauti viingie bila kuchonga: milimita 9.5 kwa poti kubwa, milimita 10 kwa vikaza nyuzi vya kisasa, na nafasi kati ya nyuzi za kando kwenye briji ya milimita 50 hadi 54. Nafasi hiyo uiandike kwenye daftari, kwa sababu pikapu ya hambaka (ile ya koili mbili) huuzwa kwa upana wa aina mbili, na ile nyembamba chini ya briji pana itaziacha nyuzi za kando nje ya ncha zake. Kama gitaa lina bamba la plastiki linalofunika uso, omba mashimo ya hambaka yachongwe chini yake hata kama leo unataka pikapu za koili moja. Mbao itakayochongwa hutajutia kuipoteza, na siku ukibadili mawazo utabadilisha bamba tu.

Mbao za jamii ya *Dalbergia*, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, zinasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti ya vibali, isipokuwa *Dalbergia nigra*, mti wa Brazili uliowekwa kwenye daraja la ulinzi mkali tangu 1992. Huo usiuagize kama gitaa litavuka mipaka. Na jina la kisayansi la mbao liwepo kwenye risiti, maana afisa wa forodha hasomi majina ya biashara.

Likifika

Liache ndani ya kesi iliyofungwa saa 12 hadi 24, lizoee joto la chumba. Vanishi ya nitroselulosi ikitoka kwenye baridi ya ndege na kuingia ghafla kwenye joto hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazirudi. Vanishi hiyohiyo haipatani na mpira: stendi yenye pedi za mpira au povu itaiyeyusha pale inapogusa. Zungushia stendi kitambaa cha pamba.

Mipangilio ifuatane hivi, kwa sababu kila hatua inaiharibu ile iliyotangulizwa kimakosa. Weka nyuzi za unene utakaotumia siku zote na utyuni kwanza. Bana uzi mnene kwenye freti ya 1 kwa kapo (kibano cha shingo), uubonyeze pale shingo inapoungana na bodi, kisha pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unatafuta milimita 0.2 hadi 0.25. Nafasi ikizidi, kaza rodi ya shingo kwa kuizungusha kama saa, ikipungua, legeza. Robo mzunguko tu kwa mara moja, tyuni tena, subiri dakika chache, pima upya. Rodi ikigoma, acha. Rodi iliyokatika ndani ya shingo ni kazi ya kung'oa ubao wa freti.

Fuatisha kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.5 kwa uzi mwembamba kabisa na 2 kwa mnene ni mwanzo mzuri. Kwenye nati, bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame freti ya 1. Kati ya uzi na freti hiyo pabaki mwanga mwembamba, karibu milimita 0.1. Pakiwa na zaidi, kodi za mwanzo wa shingo zitasikika juu ya noti hata kama tyuna inasema nyuzi ziko sawa. Watu wengi hulaumu briji kwa kosa hili.

Mwisho ni ulinganifu wa noti. Piga hamoniki ya freti ya 12 (gusa uzi juu yake bila kuubonyeza), kisha bonyeza na upige noti ya freti hiyohiyo. Iliyobonyezwa ikiwa juu zaidi, rudisha kitako cha uzi (kipande cha briji kinachoubeba) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya kazi hii kwa nyuzi mpya. Uzi uliochakaa haulingani popote utakapokiweka kitako.

Pikapu na waya

Kabla ya kununua pikapu yoyote, shika bisibisi na urekebishe kimo cha zile ulizo nazo. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, anza na milimita 2.5 chini ya uzi mnene na 2 chini ya mwembamba, kisha sogeza robo mzunguko huku ukisikiliza. Pikapu ya koili moja yenye sumaku kali ikikaribia mno huuvuta uzi, na noti za juu kwenye uzi mnene hutoa sauti mbili zinazogombana. Hapo hata tyuni na ulinganifu vinavurugika. Ni matengenezo ya bure, na pikapu nyingi zilizoitwa mbaya zilihitaji hayo tu.

Poti nazo zina sauti yake. Poti ya kilo-omu 250 huvujisha kiasi cha sauti kali kwenda athi (upande wa ardhini wa saketi) hata ikiwa imefunguliwa mwisho, kwa hiyo huilainisha pikapu ya koili moja. Ya 500 hubakiza ukali ambao hambaka inauhitaji. Ukiweka 250 kwenye hambaka utapata ukungu, na 500 kwenye koili moja yenye ukali tayari itatoboa masikio. Ipime kila poti kwa multimita (kipima umeme) kabla ya kuilehemu, kwa sababu nyingi zinatofautiana na maandishi yake kwa asilimia 10 hadi 20. Kapasita ya toni, iwe mikrofaradi 0.022 au 0.047, huonyesha tofauti pale tu unapoifunga toni kuelekea mwisho. Kuhusu bei kubwa za kapasita za zamani kwenye gitaa, hazistahili: mkondo hapo ni mdogo sana, na kinachosikika ni ukubwa wa kapasita tu.

Ukipunguza sauti na gitaa likawa zito na la kufifia, ungia rezista ya kilo-omu 150 sambamba na kapasita ya pikofaradi 680, vyote viwili kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kati wa poti ya sauti. Ukali utabaki ukishusha sauti. Ukizidi, punguza kapasita hadi 470.

Kulehemu mgongoni mwa poti ndiko kunakowashinda wengi. Mgongo ni bati pana linalokunywa joto, na chuma kidogo cha wati 25 kitakaa juu yake nusu dakika kikipika kaboni ya ndani huku lehemu ikikataa kushika. Tumia cha wati 40 hadi 60 chenye ncha bapa, karibu nyuzijoto 370. Kwaruza bati kwa msasa hadi ling'ae. Tia tone la lehemu kwenye ncha ili joto lipite, iweke kwenye bati, hesabu sekunde mbili, kisha lisha lehemu pale ncha na bati vinapokutana. Itatambaa yenyewe na kung'aa kama maji yaliyomwagika sakafuni. Waya uwe umeshapakwa lehemu pembeni; uzamishe, ondoa chuma, usitikisike hadi mng'ao utulie. Lehemu iliyosimama kama shanga, au iliyopauka na kuwa na chembechembe, haikushika. Irudie. Lehemu iwe ya vifaa vya elektroniki yenye rojo ya utomvu ndani, kamwe si ile ya mabomba, maana asidi yake italamba shaba ya waya.

Pikapu ya hambaka yenye waya nne usiamini rangi zake. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na mchoro wa mmoja kwenye pikapu ya mwingine ndiyo njia ya haraka ya kupata sauti nyembamba ya puani. Tafuta jozi kwa multimita: waya mbili zenye ukinzani kati yake ni koili moja. Kisha weka multimita kwenye volti ndogo kabisa za mkondo mnyoofu, gusa vichwa vya sumaku vya koili kwa bisibisi ya chuma, ing'oe ghafla, na utazame namba inaruka kwenda chanya au hasi. Fanya hivyo kwa koili zote, na kwa pikapu ya pili iliyomo kwenye gitaa, uandike majibu. Pikapu mbili zikifunguliwa pamoja na besi ikatoweka, zimepishana. Geuza waya mbili za moja. Ila kama pikapu ina mfuniko wa chuma uliounganishwa na mojawapo ya waya hizo, utenge kwanza mfuniko na uupe waya wake wa athi. Usipofanya hivyo mfuniko mzima utakuwa antena.

Utepe wa shaba ndani ya mashimo huzuia mlio mkali wa taa na dima (vipunguza mwanga). Gundi yake ipitishe umeme, au vipande vilehemiwe, na multimita isome chini ya omu 1 kati ya kipande chochote na athi. Mvumo wa sumaku unaotoka kwenye transfoma hauzuiwi na shaba. Huo ni wa pikapu za koili moja kwa asili, na tiba yake ni kugeuka pembe au kuwa na pikapu ya kati iliyozungushwa kinyume. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa briji uko salama. Ukiongezeka, huenda waya mbili za jeki zimegeuzwa.

Kila kipuri cha asili kitie kwenye mfuko, uandike tarehe na mahali kilipotoka, na upige picha nyaya kabla ya kugusa. Usikate waya wa pikapu ya asili kuwa mfupi. Mnunuzi wa kesho atauliza, na wewe mwenyewe huenda ukaitaka sauti ya kwanza irudi.

Kuagiza amplifaya

Swali la kwanza ni umeme wa ukutani. Andika volti kamili, 230 au 240, na hezi 50. Transfoma yenye ingizo la 220 ikipewa 240 huongeza kila kitu kwa asilimia 9: hita za valvu (nyaya za kuzipasha moto) zinazotaka volti 6.3 zinapata karibu 6.9, na volti 440 za ndani zinakuwa 480. Valvu zinachakaa mapema, na kapasita za volti 450 zinakuwa zimepita kikomo chake. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 pekee nayo huchemka na kunguruma kwenye hezi 50. Fyuzi ya kuingilia kwa volti 240 ni karibu nusu ya ile ya volti 120, ya aina ya kukawia. Ampea 4 zinakuwa 2.

Omba soketi za valvu zifungwe kwenye chasisi wala si kwenye bodi ya saketi, vituo vya kupimia bayasi (volti inayopanga mkondo wa valvu za nguvu zikiwa zimetulia) vitokeze nje, kuwe na swichi ya omu 4, 8 na 16, na upewe mchoro wa saketi wenye volti zilizoandikwa kila kituo. Mchoro huo ni sehemu ya amplifaya. Bila huo, fundi wa miaka kumi ijayo atakisia.

Kuhusu nguvu, watu huagiza wati nyingi mno. Kutoka wati 50 kwenda 25 unapoteza desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni, na spika yenye ufanisi wa desibeli 100 badala ya 97 inairudisha yote. Kwa hiyo spika ndiyo badiliko la kwanza la maana, na ndilo la kufunga skrubu tu. Ukipenda kuisukuma amplifaya hadi ivunje sauti, wati za spika ziwe walau mara mbili ya zile zilizoandikwa. Spika mbili za omu 8 sambamba ni omu 4. Zikifuatana ni 16. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, hata kwa kujaribu kidogo. Nguvu isiyo na pa kwenda hupandisha volti ndani ya transfoma ya kutolea na kutoboa kihami chake. Waya wa spika uwe wa spika kweli; ule wa gitaa una kiini chembamba na utachemka.

Kabla ya kuingiza mkono

Ndani kuna volti 300 hadi 500 zinazobaki kwenye kapasita hata ukiwa umechomoa plagi. Zinaua. Ikiwa bado hujiamini na multimita, kazi ya ndani mpe fundi wa valvu. Kubadilisha spika na valvu za mwanzo utafanya mwenyewe.

Kwa anayeingia: chomoa plagi, uione kwa macho yako mezani. Funga waya mweusi wa multimita kwenye chasisi kwa klipu. Chukua rezista ya kilo-omu 10 ya wati 10 yenye waya zilizofunikwa, ncha moja ishike chasisi kwa klipu, nyingine iguse chanya ya kila kapasita kubwa kwa sekunde kumi, mkono mmoja tu ukifanya kazi na mwingine uko mfukoni. Kisha pima. Iwe chini ya volti 5. Pima tena baada ya dakika chache, kwa sababu kapasita hurudisha kiasi cha chaji yenyewe. Usizipige shoti kwa bisibisi: cheche hiyo hudhuru kapasita na kurusha chembe za chuma moto.

Pini ya athi kwenye plagi usiiondoe kamwe ili kuua mvumo. Nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi, na mikono yako iko kwenye nyuzi. Amplifaya za zamani za Marekani zenye plagi ya miguu miwili huwa na kapasita kati ya waya wa umeme na chasisi. Kata hiyo, weka waya wa miguu mitatu, na ule wa athi ufungwe kwa bolti yake peke yake.

Baada ya kazi yoyote, washa kwanza kupitia balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 iliyoungwa mfululizo na amplifaya. Balbu ikimweka kisha ikafifia, hakuna shoti. Ikibaki imewaka kwa nguvu zote, zima utafute. Kipimo hiki kimeokoa transfoma nyingi.

Valvu na bayasi

Valvu za mwanzo, 12AX7 (Ulaya huitwa ECC83), zinabadilishwa bila kupima chochote. Ukuzaji wake ni 100. Kama kitufe cha sauti kinaruka kutoka kimya hadi kelele, jaribu 5751 yenye 70 au 12AY7 yenye karibu 44 kwenye nafasi ya kwanza tu. Soketi na hita vinaoana. Gonga valvu moja moja kwa kijiti cha mbao huku sauti imefunguliwa kidogo: inayolia kama kengele ndiyo mbovu. Valvu ambayo ule mng'ao wa fedha juu ya kioo umegeuka mweupe imeingia hewa, itupe. Mwanga wa buluu ukutani mwa kioo ni kawaida kabisa.

Valvu za nguvu ni habari nyingine. Usichomeke EL34 kwenye soketi ya 6L6 kwa sababu tu inaingia. Hita ya 6L6 inakula ampea 0.9, ya EL34 inakula 1.5, kwa valvu nne transfoma inadaiwa ampea 2.4 za ziada. Pini ya 1 nayo lazima iunganishwe na ya 8, na bayasi ipimwe upya.

Hesabu ya bayasi kwa amplifaya yenye bayasi ya kurekebishwa: gawanya wati za juu za anodi (bati la ndani ya valvu linalopokea mkondo) kwa volti za anodi, kisha chukua asilimia 60 hadi 70. Wati hizo ni 30 kwa 6L6GC, 25 kwa EL34. Kwa volti 440, 6L6GC inapata milliampea 41 hadi 48, EL34 34 hadi 40. Lehemu rezista ya omu 1 yenye usahihi wa asilimia 1 kati ya kathodi (sehemu inayotoa mkondo) ya kila valvu na chasisi. Kila millivolti utakayosoma juu yake ni milliampea moja. Usomaji huo unahesabu pia mkondo mdogo wa gridi (wavu wa ndani ya valvu) ya pili, kwa hiyo makosa yake yanaangukia upande wa usalama.

Ondoa ile balbu, unga spika, funga vitufe vyote vya sauti. Zungusha bayasi hadi upande wa baridi, yaani volti hasi kubwa zaidi, ndipo uwashe. Subiri dakika tano, pima volti za anodi, soma mkondo, pandisha kidogo kidogo. Mkondo ukipanda volti zinashuka, kwa hiyo pima zote mbili tena na upige hesabu upya. Valvu za jozi zisipishane zaidi ya milliampea 5. Bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima papo hapo. Mara nyingi ni volti za bayasi zilizokatika, au kapasita ya kuunganisha inayovujisha volti chanya kwenye gridi. Valvu mpya haitaliponya hilo, utaiunguza tu.

Mabadiliko madogo yenye sauti kubwa

Kapasita ya kung'arisha kwenye kitufe cha sauti ni mahali pazuri pa kuanzia. Amplifaya za Marshall za zamani za solo zina pikofaradi 5000 hapo, na sauti ikiwa chini zinakwaruza masikio. Weka 500, au 100, au uitoe kabisa. Ni kulehemu miguu miwili.

Kama besi inatapakaa ukivunja sauti, angalia kapasita inayokaa sambamba na rezista ya kathodi ya valvu ya kwanza. Nyingi ni mikrofaradi 25. Ukiweka 0.68 besi inakatwa mapema na noti nene zinajibana. Kati yake, 2.2 ni suluhu tulivu. Vivyo hivyo kapasita za kuunganisha, kutoka 0.1 hadi 0.022, za volti 630. Badilisha moja, piga siku mbili tatu, ndipo uamue nyingine. Ukibadilisha tatu kwa mpigo hutajua ipi ilikupa unachokipenda.

Mlio wa kukaangia usiobadilika na kitufe cha gitaa mara nyingi hutoka kwenye rezista ya anodi ya kaboni, ile ya kilo-omu 100. Weka ya filamu ya chuma ya wati 1. Mvumo wa hezi 100 unaokua mwaka hadi mwaka ni wa kapasita kubwa za umeme kukauka. Ukizibadilisha, zingatia upande wa chanya, volti 500 au zaidi, na usizidishe ukubwa wa ya kwanza kama rektifaya (kinachogeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu) ni ya valvu: GZ34 inavumilia mikrofaradi 60, 5Y3 inavumilia 20. Ukizidisha, kila ukiwasha valvu hiyo hupokea mkupuo wa mkondo hadi ipige cheche ndani.

Ukimaliza, andika kwenye kikaratasi na ukibandike ndani ya kabati: tarehe, volti za anodi, mkondo wa kila valvu, ulichotoa na ulichoweka. Valvu mpya hubadilika kidogo zikitulia, kwa hiyo pima bayasi tena baada ya saa 20 za kupiga, na uandike namba hizo chini ya zile za kwanza.